Kizingiti cha Mia Mbili

Kwa miaka kadhaa baada ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi kufika Nyeri, maisha ya mgonjwa yalitegemea nambari 200. Aliyetolewa damu, maabara ikahesabu seli za kinga ziitwazo CD4 chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo, alianzishiwa dawa. Vivyo hivyo aliyekuwa amekwisha kudhoofika kwa magonjwa mazito. Lakini aliyekuwa na 310 alipewa septrini na kuambiwa arudi baada ya miezi kadhaa apimwe upya. Akirudi na 240, alirudishwa tena nyumbani. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli hizo kati ya 500 na 1,500 hivi. Mwenye 240, basi, alikwisha kupoteza nusu ya kinga yake au zaidi, na bado kanuni ilimtaka asubiri apoteze nyingine.

Tumezoea kuisimulia historia ya dawa hizi kama habari ya ushindi: zilikuja, na waliokuwa wamelala chali wakainuka. Kweli waliinuka. Nani asiyemjua angalau mmoja, pale kijijini kwao, aliyekuwa amekwisha kuagwa na leo anachuma majani chai? Hata hivyo kiasi cha nguvu kilichorudi katika kila mwili kilitegemea sana mwenyewe alianza dawa akiwa wapi. Na hapo alipoanzia hapakuamuliwa na kirusi peke yake. Paliamuliwa pia na bei, sheria, uvumi, umbali wa maabara na woga wa kuonekana kwenye foleni.

Ukimwi ulitambuliwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Miji iliyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Karatina na Kerugoya hadi Embu, Chuka, Meru na Nanyuki, haikutajwa sana katika hesabu za mwanzo. Waliotajwa ni wa Nairobi, wa bandarini na wa kando ya Ziwa Viktoria. Lakini watu wa mlimani walikuwa na desturi ya miaka mingi ya kushuka mjini kutafuta kazi, na aliyeugua huko alirudishwa kwao, auguzwe na mama yake, azikwe shambani kwao. Mzigo ukaangukia hospitali za misheni zilizokuwapo tangu enzi za ukoloni: Mathari ya Wakonsolata pale Nyeri, Tumutumu ya Wapresbiteri karibu na Karatina, Chogoria iliyoanzishwa na Daktari Archibald Irvine mwaka 1922, Nkubu, na Maua ya Wamethodisti upande wa Meru. Wauguzi wa Nyeri hawakuwa wageni wa magonjwa ya kutisha. Sista Irene Stefani, aliyehudumu Gikondi, alifariki mwaka 1930 baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyemuuguza, naye alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri Mei 2015.

Miaka hiyo ya mwanzo ya ukimwi hapakuwa na cha kuirudisha kinga yenyewe. Daktari alitibu alichokiona: kifua kikuu, nimonia, utandu mweupe uliojaa kinywani hadi kooni mtu asiweze kumeza uji, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Ugonjwa mmoja ukipona, mwingine ulifuata, kwa kuwa kilichokuwa kikiuzuia kilikwisha kuharibiwa.

Kisha ikaja Kemron. Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba nchini, KEMRI, ikiongozwa na Daktari Davy Koech, ilitangaza kwamba interferoni kidogo sana, ikiyeyushiwa mdomoni, inawarudishia wagonjwa uzito na kuziongeza seli zao za CD4. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliisimamia habari hiyo kama fahari ya taifa. Nasema bila kusita kwamba fahari ile ilistahili kuonewa imani mwanzoni. Mwafrika kutaka kuwatibu wenzake si kosa. Ila dawa hujulikana kwa majaribio, na majaribio yaliikataa. Jaribio la Kampala lililochapishwa mwaka 1998, ambamo wengine walipewa interferoni na wengine vidonge vitupu bila kujua nani amepewa nini, halikuona tofauti yoyote ya maana. Katikati ya muongo huo ikavuma nyingine, Pearl Omega ya Profesa Arthur Obel, nayo ikazimika. Familia ziliuza ng'ombe kwa ajili ya matumaini ya namna hii, na seli za CD4 zikaendelea kushuka.

Habari ya kweli ilitoka Vancouver mwaka 1996. Watafiti walionyesha kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huzuia kirusi kisizaane, na kirusi kikizuiwa, kinga huanza kujijenga yenyewe. Huko Ulaya na Marekani wodi zilianza kuwa tupu. Huku kwetu tiba hiyo ilikuwa na bei ya zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, fedha ambazo mkulima wa kahawa wa Mukurwe-ini asingezipata hata angeuza shamba. Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, wakati dawa zilikuwapo duniani kwa miaka mitatu.

Bei ilivunjwa mwaka 2001. Februari ya mwaka huo kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilijitolea kuuza dawa hizo tatu kwa dola 350 kwa mwaka, pungufu ya dola moja kwa siku. Miezi michache baadaye Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Mwaka huo huo Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa bila malipo katika hospitali ya serikali ya Homa Bay. Mlimani watu waliendelea kusubiri.

Desemba 2002 Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya, alichaguliwa kuwa rais, na mwaka uliofuata akatangaza vita kamili dhidi ya ukimwi. Januari 2003 Rais George W. Bush wa Marekani alitangaza PEPFAR, mpango wa msaada dhidi ya ukimwi, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizolengwa kwanza. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka huo ulionyesha kwamba asilimia 6.7 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Mkoa wa Kati ulikuwa chini ya wastani huo, na Nyanza ikawa juu mno. Kwa maoni yangu unafuu huo uliwadhuru watu wa mlimani kwa namna yake. Uliwaachia nafasi ya kusema kwamba hili ni janga la wengine, na aliyeugua akaitwa mwenye kifua kikuu, mwenye vidonda vya tumbo, au aliyerogwa, hadi seli zake zikawa 20.

Uvumi nao haukukosa. Agosti 2004 gazeti la East African Standard liliripoti kwamba Wangari Maathai, mbunge wa Tetu na waziri msaidizi wa mazingira, aliiambia warsha mjini Nyeri kwamba kirusi kilitengenezwa na wanasayansi kwa ajili ya vita. Wiki chache baadaye, Oktoba 8, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani, na dunia nzima ikamuuliza kuhusu maneno hayo. Desemba alitoa taarifa kwamba hasemi wala haamini kwamba kirusi kilitengenezwa na wazungu ili kuwaangamiza Waafrika. Simtaji mama huyo ili kumpunguzia heshima. Heshima yake iko katika miti na katika ujasiri. Namtaja kwa sababu warsha ile ilifanyika katika mwaka ambao kliniki za dawa zilikuwa zikifunguliwa, na mgonjwa aliyeombwa ameze vidonge vya mzungu maisha yake yote aliishi katikati ya maneno kama hayo.

Kliniki hizo, ambazo Wakenya wote wanaziita CCC, zilianzia kwenye hospitali kubwa: ya mkoa pale Nyeri, ya Embu, ya Meru, na zile za misheni. Ada ya mwezi ilitozwa hadi serikali ilipoiondoa katika hospitali zake mwaka 2006. Mashine ya kuhesabu CD4 haikuwapo kila mahali, na damu ya kipimo hicho haikai. Ni lazima ifike maabara ndani ya siku moja au mbili, la sivyo seli hufa ndani ya chupa na hesabu haifai kitu. Kwa hiyo zahanati za mbali zilikuwa na siku maalumu za kutoa damu, siku ambayo gari au pikipiki ingeichukua. Mvua za Aprili zikiharibu barabara za Kieni, siku hiyo ilipotea. Aliyeambiwa arudi wiki ijayo angeweza kurudi, na angeweza kuwa amekwisha kuzikwa.

Na aliyeanza dawa, mwilini mwake kulitokea nini?

Katika wiki za kwanza kirusi hupungua kwa kasi, na hesabu ya CD4 hupanda upesi. Ongezeko hilo la mwanzo si seli mpya kwa sehemu kubwa. Ni seli zenye kumbukumbu ya magonjwa ya zamani, zilizokuwa zimekwama ndani ya tezi za limfu zilizovimba kwa kupambana na kirusi. Tezi zikitulia, seli huachiliwa zirudi kwenye damu. Hii ndiyo miezi miwili mitatu ambayo mgonjwa huanza kudai chakula usiku na nguo zake huanza kumbana. Baada ya hapo kasi hupungua, na ujenzi halisi huanza. Seli changa, ambazo hazijawahi kukutana na ugonjwa wowote, hutoka kwenye tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Tezi hiyo husinyaa kadiri mtu anavyozeeka, ndiyo maana mtoto wa miaka sita hujijenga upesi kuliko babu yake. Aidha, sehemu kubwa ya seli za CD4 za mwili hukaa katika utumbo, nazo huharibiwa katika wiki za kwanza kabisa za maambukizi. Huko kinga hurudi polepole na mara nyingi hairudi yote.

Mkulima wa Othaya atanielewa nikisema hivi: mti wa kahawa uliozeeka ukikatwa kisiki huchipua, na miaka miwili baadaye unachuma, lakini uchipuaji wake hutegemea mizizi iliyobaki ardhini. Aliyeanza dawa akiwa na seli 350 au 400 alikuwa na uwezekano mkubwa wa kufika 500 na kupita. Aliyeanza akiwa na 50 aliongezeka pia, pengine kwa 100 au 150 katika mwaka wa kwanza, kisha kidogo kidogo kila mwaka. Wengi wa kundi hili, hata baada ya miaka mingi ya kumeza dawa bila kukosa, hesabu yao ilisimama chini ya ile ya watu wasio na virusi. Wako hata ambao kirusi chao hakionekani tena kwenye kipimo na bado CD4 haivuki 200. Hawakukosea lolote. Walichelewa, au walicheleweshwa.

Kulikuwa na jambo jingine lililowatisha watu zaidi ya yote. Mgonjwa aliyekuwa na seli chache sana angeanza dawa, apate nafuu wiki mbili, kisha azidiwe ghafla: homa kali, tezi za shingo zikivimba hadi kupasuka, kifua kubana, kichwa kuuma hadi kupoteza fahamu. Familia ilihitimisha kwamba dawa zimemmaliza. Kilichotokea kilikuwa kinyume cha walivyodhani. Vimelea vya kifua kikuu au kuvu ya kriptokokasi vilikuwa mwilini kimya kwa muda mrefu, kwa sababu kinga haikuwa na nguvu hata ya kuleta uvimbe. Kinga iliporudi iliviona na kuvishambulia kwa ukali, na ukali huo wenyewe ukamuumiza mwenye mwili. Madaktari huita hali hii IRIS. Ni kinga inayorudi, ndiyo, ila inarudi kwa fujo, na humpata zaidi yule aliyeanza akiwa chini kabisa. Sijui kama kuna maelezo yaliyokuwa magumu zaidi kumpa mama anayemwangalia mwanawe akitetemeka kitandani.

Ilichukua miaka kujua la kufanya. Mwaka 2011 majaribio kadhaa, mojawapo likifanyika Kambodia, yalionyesha kwamba mwenye kifua kikuu aliye na kinga dhaifu sana aanzishiwe dawa za virusi wiki mbili hivi baada ya kuanza zile za kifua kikuu, IRIS au hapana, kwa sababu kusubiri kunaua zaidi. Mwaka 2014 utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini ukaonyesha kinyume chake kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi: hapo ni heri kungoja wiki tano hivi, kuvu ipungue kwanza. Maagizo mawili yanayopingana kwa wagonjwa wawili waliolala vitanda jirani. Muuguzi wa wodi alipaswa kuyajua yote.

Dawa zenyewe za miaka ile hazikuwa laini. Kidonge cha kwanza kilichanganya stavudini, lamivudini na nevirapini. Stavudini ilichoma nyayo kama kaa la moto na kuyala mafuta ya mashavu, matako na miguu. Mtu aliokoka, lakini uso wake ukawatangazia wote sokoni Karatina anachomeza. Nevirapini ingeweza kuharibu ini na kubambua ngozi, na hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa mwanamke mwenye CD4 zaidi ya 250. Haki inataka tuseme kwamba hii ilikuwa sababu mojawapo ya kusitasita kuanza mapema: dawa za bei nafuu za wakati ule zilikuwa na makali yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iachwe mwaka 2009, tenofoviri ikachukua nafasi yake.

Wako waliojaribu kuacha. Mwaka 2006 jaribio kubwa la kimataifa lililoitwa SMART, lenye watu zaidi ya 5,400, lilisimamishwa kabla ya wakati. Lilikuwa likiwaachisha dawa watu ambao CD4 zao zimepanda hadi zishuke tena. Waliopumzishwa waliugua na kufa zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, maelfu ya watu wa Afrika Mashariki, Wakenya wakiwemo, walipanga foleni za magari Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Waliotupa vidonge vyao baada ya kikombe walirudi kliniki, wale waliorudi, kinga yao ikiwa imeshuka tena.

Wakati huo huo kizingiti kilikuwa kikisogezwa, na sehemu ya ushahidi ilitoka Thika, mji ambao wasafiri wa Nyeri huupita kila siku wakienda Nairobi. Huko, kama vile Kisumu, Eldoret na Nairobi, wachumba na wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana walikubali kufuatiliwa na watafiti. Matokeo ya jozi 3,381 za wenzi wa nchi saba za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya maambukizi 103 yaliyothibitishwa kutoka kwa mwenzi, moja tu lilitoka kwa mtu aliyekwisha kuanza dawa. Wengi hukumbuka matokeo hayo kwa ajili ya kinga ya mwenzi, nami naona yanastahili kukumbukwa kwa jambo jingine: yaliwafundisha wakubwa kwamba kumtibu mtu mapema si anasa.

Kizingiti kikapanda hadi 350, kisha 500. Mwaka 2015 majaribio mawili, START la kimataifa na TEMPRANO la Kodivaa, yalithibitisha kwamba hata mwenye CD4 zaidi ya 500 hunufaika kwa kuanza mara moja. Kenya iliondoa kizingiti mwaka 2016: ukipatikana na virusi, unaanza. Mwaka uliofuata ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuanza kutumia dolutegraviri ya bei nafuu, kidonge chenye nguvu na madhara machache. Umbali kutoka Vancouver hadi kuondolewa kwa kizingiti ni miaka 20.

Waliovuka miaka hiyo sasa ni wazee. Katika kliniki za Nyeri ugonjwa unaowasumbua mara nyingi si kirusi tena, ni shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo kaunti hiyo inayajua vizuri na yaliyoifanya kuwa mojawapo ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote Desemba 2018. Kinga iliyowahi kubomoka hubaki na uchochezi wa chini kwa chini mwilini, hata kirusi kikiwa kimezimwa, na uchochezi huo huongeza hatari ya moyo na mishipa. Waliookolewa na vidonge vya 2005 wanadai haki ya kupimwa presha katika chumba kile kile wanachochukulia dawa.

Na wapo bado wanaofika wakiwa wamechelewa. Wengi ni wanaume, baadhi wakiwa wameliwa na pombe haramu ambayo imeua watu wengi kutoka Embu hadi Kirinyaga. Wengine walianza dawa zamani wakakatiza. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi waliolipwa na fedha hizo wakapoteza kazi, na CCC zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za wagonjwa. Aliyefuatwa kwa simu alipokosa miadi huenda asifuatwe tena.

Kwa ajili ya hao jaribio la REALITY, lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2017, lilitoa jibu. Watu wazima na watoto 1,805 wenye CD4 chini ya 100 walishiriki, na waliopewa kifurushi cha dawa za kuzuia kifua kikuu, kuvu, bakteria na minyoo pamoja na dawa za virusi walipungukiwa na vifo kwa zaidi ya robo katika miezi sita ya kwanza. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliamua kwamba mwenye CD4 chini ya 200 ahesabiwe kuwa na ugonjwa uliokomaa na apewe huduma ya ziada. Nambari ni ile ile, lakini kazi yake imebadilika: sasa inamtambulisha anayehitaji zaidi. Tatizo ni kwamba baada ya kila mtu kuruhusiwa kuanza, kipimo cha CD4 kilianza kupuuzwa, na wafadhili wakahamishia fedha kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Mwanamume wa miaka 45 atakayeletwa leo hospitali ya Nyeri, ya Karatina au ya Nanyuki akiwa na seli 40 atahitaji zihesabiwe siku hiyo hiyo, apimwe kuvu kwa kipimo cha dakika kumi, na flukonazoli, dawa ya kuvu hiyo, iwe kwenye stoo, kabla hajakabidhiwa kidonge chake cha kwanza.